Leseni ikifutwa, adhabu imfikie mwenye mali

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nichangie suala la kusimamisha na kufuta leseni za kumbi za burudani za watu wazima. Wanaolizungumzia zaidi ni viongozi wa dini, madiwani na majirani waliochoshwa na kelele za usiku, na wana haki yao. Mimi nilikuwa mhudumu wa kaunta katika klabu ya aina hiyo. Sijaja kuitetea. Kinachoniuma ni kwamba leseni inafutwa, na tajiri mwenye klabu hata hashtuki.

Jioni moja tulifika kazini tukakuta kufuli jipya na karatasi imebandikwa mlangoni. Wanenguaji walikuwa wameacha viatu na nguo zao za kazi kwenye chumba cha kubadilishia, baunsa akawarudisha mmoja mmoja mikono mitupu. Meneja alizima simu. Mshahara wa mwezi ule hatujauona mpaka leo. Haukupita muda mrefu mlango ukafunguliwa: bango jipya, rangi mpya ukutani, viti vilevile, na nyuma ya kaunta imetundikwa leseni yenye jina la shemeji wa tajiri. Mwenzetu aliyekuwa amewaonyesha wakaguzi mlango wa dharura uliofungwa kwa mnyororo hakuitwa tena kazini.

Makosa hayalingani. Mlango wa dharura kufungwa, watu kujazana kupita kiasi, kupitiliza saa za kufunga, hayo yanarekebishika. Leseni isimamishwe, ukumbi ukaguliwe upya, kazi iendelee. Lakini akikutwa mtoto wa chini ya miaka 18 jukwaani, au binti amenyang'anywa hati zake za kusafiria ili asiondoke, hapo sioni cha kusubiri. Ifutwe.

Ikishafutwa, ndipo tuje kwa huyo shemeji. Wapo waliomfikiria. Sheria ya England na Wales ya mwaka 1982, ambayo mabadiliko ya 2009 yaliipanua ihusu pia klabu za wacheza uchi, inamzuia aliyefutiwa leseni kupata nyingine katika eneo la halmashauri iliyomfutia kwa miezi 12. Tena halmashauri inaruhusiwa kumkatalia mwombaji ikiwa biashara itaendeshwa kwa faida ya mtu mwingine ambaye, angeomba mwenyewe, angekataliwa. Miezi 12 naiona michache, ila kipengele hicho cha pili ndicho ningependa kila halmashauri iwe nacho na ikitumie.

Sheria hiyohiyo inataka mwenye leseni apewe nafasi ya kusikilizwa kabla haijafutwa. Najua wapo watakaouliza mtu kama huyo asikilizwe kwa lipi. Marekani, mwaka 1990, Mahakama ya Juu ilitengua masharti ya leseni ya jiji la Dallas kwa kumbi hizi, kwa sababu hayakuweka muda wa mwisho wa kutoa uamuzi wala njia ya haraka ya kwenda mahakamani. Uamuzi wa pupa unampa tajiri mlango wa kutokea akiwa na wakili mzuri. Zaidi ya hapo, afisa anayeweza kufunga bila kuandika sababu anaweza pia kufungua bila kuandika sababu. Bahasha nilizoambiwa niziweke chini ya kaunta "kwa ajili ya wakubwa" hazikuwa na barua ndani.

Kwa hiyo naomba sababu ziandikwe, kikao kiwe cha wazi, na wafanyakazi waruhusiwe kutoa ushahidi bila majina yao kubandikwa ubaoni. Na pale anapokuja mwombaji mpya kwa jengo lilelile, aulizwe hapo kikaoni mtaji umetoka wapi, faida itakwenda kwa nani, na kama waliofungiwa mlango wamelipwa. Kama hawajalipwa, maombi yake yawekwe kando mpaka walipwe.

Mhudumu wa zamani wa kaunta