Malalamiko kuhusu multimeta zilizopunguzwa vifaa vya kinga

Kwa Meneja,
Idara ya Huduma kwa Wateja.

Ndugu Meneja,

YAH: MULTIMETA ZENYE MAANDISHI YA CAT III 600V ZISIZO NA KINGA

Mimi ni fundi umeme hapa Morogoro, na ninawafundisha kazi vijana wawili. Miezi miwili iliyopita nilinunua kwa wakala wenu multimeta (vyombo vya kupimia umeme) tatu za aina moja, kila moja kwa shilingi 45,000, baada ya kusoma usoni mwake maandishi ya CAT III 600V (daraja la usalama kwa kupima umeme wa ndani ya majengo hadi volti 600) na kuridhika kwamba zinafaa kwa kazi zetu za kila siku, yaani bodi za usambazaji na mota za fezi tatu.

Wiki mbili baadaye tuliitwa kwenye mashine ya kusaga nafaka. Kijana wangu alipima ukinzani wa koili za mota, umeme ukarudishwa, kisha akagusisha waya za kupimia kwenye fezi mbili bila kukumbuka kuihamisha swichi kutoka omu kwenda volti. Multimeta ililipuka mkononi mwake, kifuniko kikapasuka, naye akaungua kidole gumba na sehemu ya kiganja. Kosa lake amelikiri nami nimemkanya. Hata hivyo, kosa hilo ndilo ambalo vifaa vya kinga huwekwa kulisubiri, kwa kuwa fundi yeyote aliyefanya kazi miaka mingi amewahi kuisahau swichi.

Nilipoifungua niliona kwamba bodi yake imechorwa sehemu mbili za kuweka varista (kifaa kinachozuia volti zinapozidi), zikiwa na alama zake na matundu yake, lakini hazikuwekwa chochote. Pale palipochorwa thamista (kifaa ambacho ukinzani wake hubadilika kwa joto) palilehemiwa rezista ndogo ya kawaida, ambayo ndiyo iliyopasuka na kuunguza njia za shaba zilizo jirani. Nilizifungua nyingine mbili, ambazo hazijawahi kutumika, nikazikuta hivyo hivyo. Kilichonisikitisha zaidi ni kwamba multimeta ya aina hiyo hiyo niliyoinunua miaka mitatu iliyopita, ambayo bado ninayo, ina varista zote mbili na thamista yake. Anayechora sehemu ya kifaa kwenye bodi anajua kwamba kinahitajika. Kwa hiyo siwezi kuamini kwamba kilisahauliwa.

Umeme wa volti 400 baina ya fezi mbili hufikia takriban volti 565 kwenye kilele cha wimbi lake. Thamista ikipitishiwa umeme huo hupata joto, ukinzani wake hupanda sana na mkondo hupungua, huku varista ikizuia volti hizo zisizifikie saketi nyeti. Rezista ndogo ya kawaida haina uwezo huo: huungua tu. Tena, kwa viwango vya kimataifa vya usalama wa vyombo vya kupimia, IEC 61010, chombo kinachoandikwa CAT III 600V kinatakiwa kustahimili mshtuko wa ghafla wa volti 6,000, na sioni ni kwa njia gani bodi hii ingeustahimili.

Fyuzi nazo ni za kioo na zimeandikwa volti 250, ndani ya chombo kilichoandikwa 600. Hazikuhusika katika ajali hii, ila siku mtu atakapoacha waya kwenye tundu la ampea 10 na kugusa umeme mkubwa, waya wa fyuzi utayeyuka, cheche itaendelea kuwaka ndani ya kioo, na kioo kitapasuka. Fyuzi inayofaa ni ya kauri iliyojazwa mchanga, kwa sababu mchanga huo huizima cheche.

Wakala wenu alinijibu kwamba dhamana haihusu matumizi mabaya. Jibu hilo silikubali, kwani kitabu cha maelekezo mlichokiweka ndani ya boksi kinasema wazi kwamba nafasi ya omu ina kinga hadi volti 600. Bei nafuu siilalamikii. Kama ingeandikwa kuwa ni ya betri na saketi ndogo za kielektroniki, ningeinunua kwa kazi hiyo na nisingempa kijana aende nayo kwenye mota.

Kwa hiyo ninaomba mnirudishie shilingi 135,000 pamoja na gharama za matibabu, ambazo stakabadhi zake nimeziambatisha. Mziondoe madukani multimeta za aina hii hadi ziwekewe vifaa vyake au zifutwe maandishi ya CAT III. Na muwatangazie waliokwisha kuzinunua, kwa sababu wengi wao hawatazifungua kama nilivyofanya mimi. Ninaomba jibu la maandishi ndani ya siku 14.

Multimeta zote tatu, pamoja na ile ya zamani, nimezihifadhi zikiwa wazi, na fundi wenu anakaribishwa kuja kuzilinganisha.

Wako katika kazi,
Fundi umeme,
Morogoro.