YAH: Malalamiko kuhusu seti sita za kufuli la kadi kwa samani zenye chumba cha siri

Kwa Meneja wa Huduma kwa Wateja,

Tunaandika kuhusu seti sita za kufuli la kadi tulizonunua kwenu kwa ajili ya mabenchi yenye chumba cha siri chini ya ubao wa kukalia. Kila seti ina kufuli la mota, kisomaji, kadi mbili, shokapu mbili za gesi za kunyanyulia mfuniko, kibati cha chuma na skrubu. Zote zimefungwa kwa kufuata karatasi yenu ya maelekezo, na hakuna hata moja inayofaa kukabidhiwa mteja.

Kubwa kuliko yote ni betri. Betri nne za AA zinakaa ndani ya chumba kilekile ambacho kufuli linakifunga. Kufuli lenu likikosa umeme hubaki limefunga. Hilo ni sawa kwa kulinda mali, ila lazima basi kuwe na njia ya kulipelekea umeme kutoka nje, au ya kuuvuta ulimi, kile kipande kinachotoka kwenye kufuli na kushika mfuniko, kwa mkono. Hakuna. Betri zikiisha, dhahabu na hati za mtu zimo ndani, na ufunguo uliobaki ni msumeno.

Na zinaisha upesi, kwa sababu ya kosa jingine. Shokapu mlizoweka ni za niutoni 100 kila moja, yaani kila moja inasukuma kwa nguvu ya kuinua kilo 10 hivi. Mfuniko wa plaiwudi ya mm 12, urefu mm 500 na upana mm 350, haufiki kilo 1.5. Shokapu mbili za namna hiyo zinausukuma juu muda wote, ulimi unabanwa kwenye kishikio chake, na mota ndogo inashindwa kuuvuta. Ukisogeza kadi unasikia mota inanguruma sekunde mbili tatu, kisha kimya. Ukiukandamiza mfuniko kwa kiganja wakati huohuo, unafunguka papo hapo. Kwa hiyo ubovu hauko kwenye kadi. Ni mzigo ulioukalia ulimi, na kila jaribio lililoshindikana linakula betri. Tulipozitoa shokapu zote mbili na kuweka springi laini inayonyanyua mfuniko mm 5 tu, kufuli lilifunguka mara 20 kati ya 20. Tena mchoro wenu unaonyesha fimbo ya shokapu ikielekea juu mfuniko ukiwa umefungwa. Inatakiwa ielekee chini, ili mafuta yaliyomo yalainishe sili, ule mpira unaozuia gesi isitoke. Vinginevyo sili hukauka na gesi huvuja.

Skrubu zina urefu wa mm 20. Karatasi inataka ubao wa mbele wa mm 18, na kibati kina unene wa mm 1. Hesabu hiyo haihitaji fundi: ncha inasukuma mm 1 upande wa mbele. Kwenye ubao uliobandikwa veniya (tabaka jembamba la mbao ya urembo), mwanga ukipita kwa ubavu unaona vichunusi vinne vimejipanga, mahali pasipo na bawaba wala mkono wa droo. Chumba cha siri chenye alama usoni si cha siri tena. Tumeweka za mm 16.

Kuhusu kisomaji, mmeandika kwamba kinasoma kadi kupitia mm 25 za mbao. Kinasoma, ikiwa hakuna chuma karibu na antena. Lakini kibati chenu kinakaa nyuma yake moja kwa moja, na kadi haisomeki hata kupitia mm 18. Ilibidi tuchimbe kishimo upande wa ndani hadi ubao ubaki mm 8. Kazi hiyo haimo kwenye maelekezo.

Kasha la kufungia seti nalo limeandikwa "inazuia moto". Kitu gani kinachozuia moto hapo, plaiwudi? Lifuteni neno hilo kabla mtu hajaliamini na kuweka hati ya nyumba humo.

Tunaomba, ndani ya siku 14, mtuletee kwa kila seti shokapu za niutoni 30 hadi 40, skrubu za mm 16, kibati cha plastiki ngumu badala ya chuma, na nyaya mbili za kutoka kwenye kufuli hadi chini ya benchi, ili volti 6 ziweze kuingizwa kutoka nje betri zikifa. Wekeni na diodi, kifaa kinachopitisha umeme upande mmoja tu, ili umeme wa nje usirudi kwenye betri zilizochoka. Kama nyaya ni shida, hata kamba ya chuma ya kuvutia ulimi, iliyofichwa chini ya kitako cha benchi, itatosha. Mkishindwa, tunataka fedha zetu zote.

Seti moja tumeiacha kama ilivyotoka kwenu. Fundi wenu akija, ajaribu kwanza kuifungua bila kuugusa mfuniko.

Wenu,
Mafundi wa karakana ya samani