Dripu nayo ina dozi

Ndugu Mhariri,

Mimi ni muuguzi wa wodini, na hakuna ombi ninalolisikia mara nyingi kama la mgonjwa mnyonge anayetaka awekewe dripu ili apate nguvu. Linanitia wasiwasi, hasa kwa jinsi sisi tuliosomea kazi hii tunavyolikubali upesi.

Lita moja ya dekstrosi ya asilimia 5, yaani maji ya sukari ya dripu, ina gramu 50 tu za sukari. Sukari hiyo ikishatumika mwilini, yanabaki maji matupu yasiyo na chumvi, na mgonjwa anayetundikiwa mifuko kadhaa mfululizo, hasa mtoto, anaweza kushuka sodiamu (chumvi) ya damu hadi ubongo ukavimba. Anayeweza kunywa, anywe.

Kasi nayo ni sehemu ya dozi. Lita moja kwa saa 8, kwa mrija unaotoa matone 20 kwa kila mililita, ni matone 42 hivi kwa dakika. Niliwahi kurudi kwa mgonjwa wa moyo nikakuta ndugu yake amelegeza kigurudumu cha mrija ili maji yaishe mapema; matone yalikwisha kuungana yakawa mchirizi, naye mgonjwa ameketi wima akihema. Sikuweza kumlaumu sana ndugu yule, kwa kuwa kibandiko cha mfuko wa dripu kilikuwa na jina la mgonjwa peke yake, bila saa ya kuanza wala idadi ya matone.

Kinachonitisha kuliko vyote, hata hivyo, ni kloridi ya potasiamu iliyokolea, chumvi ya madini inayoongezwa kwenye dripu. Kichupa chake kina kimiminika kisicho na rangi, kisichotofautiana kwa macho na maji ya kuchanganyia sindano, na kikisukumwa moja kwa moja mshipani moyo unaweza kusimama papo hapo. Hilo wengi tunalijua. Lisilosemwa sana ni kwamba hata ukiichoma ndani ya mfuko ambao tayari unaning'inia, usipougeuza, potasiamu kwa uzito wake hutuama chini karibu na mdomo wa mrija, na mgonjwa huanza kuipokea ikiwa kali vilevile. Mfuko ushushwe, ugeuzwe juu chini mara kadhaa, ndipo utundikwe. Na pasipo na mashine ya kufuatilia moyo, kasi kwa kawaida isizidi milimoli 10 (kipimo cha kiasi cha potasiamu) kwa saa, baada ya kuhakikisha kwamba mgonjwa anakojoa.

Ninachoomba kwa wakuu wa wodi si vifaa vipya. Vichupa vya potasiamu viondolewe kwenye trei ya sindano vifungiwe kabati lake, na daktari anayeandika dripu aandike aina, ujazo, saa na siku ya kuisimamisha, kama aandikavyo dawa nyingine yoyote. Agizo lisemalo "endelea na maji" turuhusiwe kulirudisha kwake.

Wako,
Muuguzi wa wodi