Jina lako kwenye kengele ya Torino

Shikamoo Babu,

Natumai mvua imewafikia huko Ganze na mahindi yamesimama. Mimi mzima, ila miguu inalalamikia ngazi. Bado napeleka vifurushi, na kutwa nzima nasoma majina ya koo kwenye kengele za milango ya hapa Torino, Italia.

Ukishayazoea, yanakutajia kwao mtu hata hujamwona. Mhunzi, kwa mfano: ukoo wake hapa mkoa wa Piemonte ni Ferrero, mkoa wa Emilia ni Ferrari, Veneto ni Favaro, kusini Ferraro. Mwenye nywele nyekundu kaskazini ni Rossi, Napoli ni Russo. Ukikuta Sanna au Piras, hao asili yao ni Sardinia. Di Giovanni ni kama kusema bin Yohana, ila "bin" ya huku iliganda: mwana, mjukuu, kilembwe, wote wa Giovanni yuleyule.

Ya Sisilia yalinichekesha. Waarabu walitawala huko tangu karne ya 9 hadi ya 11, wakaacha majina kama Vadalà, yaani Abdallah, na Cangemi, mpiga hijama. Mwambie Abdalla wa dukani ana ndugu huku!

Kuna jengo moja sikosi kulipanda kila wiki. Akina Ferrero wamo wawili tu; waliobaki ni Russo, Greco, Esposito. Wazee wao walipanda treni kutoka kusini miaka ya 1950 na 1960 kufuata kazi za kiwanda cha Fiat. Bibi Esposito wa ghorofa ya nne ndiye aliyenieleza jina lake: "aliyewekwa nje". Zamani Napoli, mtoto aliyeachwa alilazwa usiku ndani ya gurudumu la mbao ukutani mwa Annunziata, nyumba ya kupokea watoto walioachwa. Aliyekuwa ndani akalizungusha, akampokea bila kumwona mama. Gurudumu lilifungwa mwaka 1875. Milano watoto hao waliitwa Colombo, kwa njiwa wa nembo ya hospitali iliyowapokea; Firenze waliitwa Innocenti. Alinisimulia yote hayo akimenya chungwa, bila haya hata kidogo.

Akaniuliza langu. Kwenye pasipoti jina la mwisho ni lako, Babu, kwa hiyo kazini mimi ni Signor Kahindi. Siku za mwanzo nilikuwa nikigeuka kukutafuta wewe. Juzi nimelibandika kwenye kengele yangu, chini ya Russo. Mtu wa posta akalitazama, akauliza Kahindi ni wa mkoa gani.

Nikamwambia: Ganze.

Msalimie Bibi.

Mjukuu wako