Barua kwa Mwanangu: Agosti Mlimani, Januari Lamu

Mwanangu mpendwa,

Salamu kutoka hapa nyumbani Umoja, Nairobi. Sote tu wazima, ila baridi ya Julai imetushika vibaya mwaka huu. Mama yako analala na masweta mawili na bado ananilaumu mimi.

Ujumbe wako nimeusoma. Wewe na wenzako mmepata wiki moja ya likizo mwezi wa Agosti, nusu yenu mnataka kupanda Mlima Kenya, nusu mnataka Lamu, na uamuzi wamekuachia wewe. Nendeni mlimani. Lamu iwekeni Januari.

Usidhani naidharau Lamu. Ningekuwa mimi ndiye msafiri, ningechagua Lamu bila kufikiri mara mbili, maana magoti yangu yalishaamua siku nyingi. Lakini nyinyi mna magoti mazima, na Agosti si mwezi wa Lamu. Upepo wa kusi bado unavuma na bahari huchafuka. Mjini mtatembea, sikatai: mtaiona Ngome, mtapotea kwenye vichochoro vya Mkomani ambako punda hapishi mtu, mtaitazama milango ya nakshi mpaka mchoke. Ila nusu ya Lamu iko majini. Magofu ya Takwa kisiwani Manda, safari ya Pate, jioni ya kutweka tanga tu bila kwenda popote, hayo yanataka kaskazi, na kaskazi huvuma kuanzia Desemba hadi Machi. Tena ihesabuni njia: treni hadi Mombasa, basi hadi Mokowe, kisha boti. Kwenda na kurudi, wiki yenu imekatwa vibaya. Kuna ndege za uwanja wa Wilson, lakini ninavyojua mifuko yenu, tusizungumzie hilo.

Kwenda Nanyuki, mji ulio chini ya mlima, kwa upande mwingine, ni matatu ya asubuhi, na mchana mko pale. Agosti mlima una baridi kali, lakini hauna mvua kama ya Aprili au Novemba, na ni mvua inayoharibu safari za wengi kule juu.

Nimecheka kuhusu huyo rafiki yako anayesema msituni hakuna historia, historia iko kwenye miji ya mawe. Mwambie vilele vitatu vya juu, Batian, Nelion na Lenana, vimepewa majina ya malaibon, viongozi wa kiroho wa Kimaasai. Mwambie usiku wa uhuru, Desemba 1963, Kisoi Munyao alipandisha bendera ya Kenya juu ya mlima huohuo. Na msitu wenyewe, pamoja na ule wa Nyandarua ng'ambo ya pili, ndio uliowaficha wapiganaji wa Mau Mau. Kiongozi wao Dedan Kimathi alikamatwa karibu na Nyeri, pembeni mwa msitu, tarehe 21 Oktoba 1956. Kama anataka cheti cha UNESCO, mlima uliorodheshwa mwaka 1997, Mji Mkongwe wa Lamu 2001. Amtafute mwingine wa kubishana naye.

Kuna pia barafu. Lewis, iliyokuwa kubwa kuliko zote mlimani, imeyeyuka ikabaki vipande. Nyumba za matumbawe za Lamu mtazikuta Januari. Hiyo barafu sitaki kukuahidi kwamba watoto wako wataiona.

Sasa sikiliza vizuri hapa. Pandeni kwa njia ya Sirimon, ndiyo yenye mwinuko wa polepole. Usiku wa kwanza kambi ya Old Moses, kama mita 3,300. Wa pili kambi ya Shipton, kama mita 4,200. Hapo laleni usiku mmoja zaidi kabla ya kujaribu Lenana, ambayo ni mita 4,985. Vijana wengi huubania huo usiku wa ziada ili kuokoa pesa, halafu wanatapika njiani. Kichwa kikiuma kidogo, pumzika, kunywa maji. Kikizidi, au mtu akianza kuyumba kama mlevi, ashushwe papo hapo hata kama ni usiku, hata kama kilele kinaonekana. Na msipande bila kiongozi anayeujua mlima. Mumtafute Nanyuki kabla ya siku ya safari, si getini. Kiingilio hulipwa kwa eCitizen, ile tovuti ya serikali, kwa hiyo kamilisheni malipo mkiwa bado na mtandao.

Jaketi langu zito liko kabatini, nimelianika jana. Suruali za jinzi ziache nyumbani, zikilowa hazikauki. Soksi za sufu mama yako ameshaanza kuzitafuta sokoni Gikomba, na anauliza mko wangapi, kwa sababu akipata bei nzuri atawanunulia wote. Mjibu kabla ya Jumamosi.

Baba yako