Usiibomoe Nyumba ya Mama

Elburgon, Januari

Rafiki yangu mpendwa,

Salamu kutoka huku kwenye baridi. Juzi nilipita kwenu kama ulivyoniomba, nikamkuta Mama mzima, akaniwekea chai kabla hata sijamuuliza habari za nyumba. Uliniuliza kama ile nyumba ya mbao ibomolewe, nami nimeizunguka yote. Jibu langu ni hili: usiibomoe. Na lile wazo la fundi wako la kugongomelea mabati juu ya mbao, naomba uliache pia. Maji yatapenya penye misumari, na mvuke wa jikoni utageuka matone nyuma ya bati usiku wa baridi. Ukuta utaoza mahali msipopaona.

Najua kilichokutisha kwenye picha ni ule ukijivu. Hiyo ni kazi ya jua, na imeishia juujuu. Nilikwangua kwa kisu ukuta wa magharibi, unaochomwa na jua la alasiri, nikakuta saiprasi chini yake bado ni ngumu na inanukia. Mzee, Mungu amrehemu, alichagua mbao kwa makini. Nguzo ni za mtarakwa na mchwa hawajazigusa. Leo nguzo kama hizo utazitoa wapi? Hata saiprasi iliadimika serikali ilipopiga marufuku ukataji miti katika misitu yake Februari 2018 na wenye viwanda vya mbao wakakosa magogo. Kila ubao mzima uliobaki ukutani ni mali, usiung'oe.

Ugonjwa uko chini. Nilizidunga kwa bisibisi mbao za chini pande zote, na upande wa jikoni ikazama kama kwenye ugali. Ukisimama pale sababu unaiona: udongo wa bustani umekuwa ukipanda miaka yote hii hadi umegusa mbao, na gata limeng'oka, kwa hiyo maji ya paa yanapiga chini na kurukia ukuta. Mbao hainyeshewi tu ikaoza, huoza ikikosa nafasi ya kukauka. Kuvu wanaoila wanahitaji unyevu mwingi, na ukibaki chini ya asilimia 20 hawana la kufanya. Kwa hiyo kabla hujanunua hata msumari mmoja, lipa vijana wachimbe udongo ushuke sentimita 20 chini ya ubao wa mwisho, wamwage kokoto, kisha gata lirudishwe. Usipofanya hivyo, mbao mpya zitaoza vilevile.

Baada ya hapo kazi si kubwa. Fundi asing'oe ubao mzima kwa sababu ya ncha iliyooza. Akate penye nguzo ili vipande vyote viwili vipate pa kupigiliwa, na kila ncha aliyokata aipake rangi papo hapo, maana mbao hunywa maji kwenye ncha kuliko ubavuni. Misumari iwe ya kupakwa zinki, ile ya kawaida itashika kutu na kulia michirizi myeusi ukutani. Mbao mpya zipangwe kivulini na fito katikati mpaka zikauke. Ukipigilia mbichi zitasinyaa na kuacha nyufa, na Julai Mama atalala na upepo.

Majirani wanamshauri apake oili chafu ya gari. Nimemsihi asikubali. Ile oili imebeba vyuma na sumu za injini, wajukuu wanaegemea ukuta ule kila siku, na mvua itaishusha hadi kwenye sukuma yake. Isitoshe, ukiipaka leo, rangi haitashika tena. Jambo jingine linalonitia hofu: mkitumia mbao za dawa, zile za kijani kijani, mabaki yasiingie jikoni kamwe. Nyingi zina aseniki, na moshi wake ni sumu. Mama hatupi kuni, unamjua, kwa hiyo yachukuliwe siku hiyohiyo.

Kuhusu rangi, ukijivu uondolewe kwa msasa mpaka mbao safi ionekane, na rangi ya kwanza ifuate mara moja, kisha mikono miwili juu yake. Wakiwa kwenye rangi ya zamani, waloweshe na wafunge pua, vumbi lake huenda lina madini ya risasi, ambayo ni sumu. Na fundi asizibe kwa silikoni pale ubao unapoulalia mwenzake. Huo ndio mlango wa unyevu kutoka.

Yote haya yawe yamekwisha kabla ya mvua za Machi. Nimempelekea mwenye mashine ya kupasua mbao kipande cha ubao wa Mzee ili akate za unene uleule, kwa sababu za siku hizi ni nyembamba na hazitalingana. Anasubiri neno lako tu, na malipo ya nusu. Siku mafundi watakapoanza nitakuwa pale asubuhi.

Nisalimie shemeji na watoto.

Rafiki yako wa siku zote