Alamu ya VSWR: Usikimbilie Kubadilisha Redio

Wateja wengi wa minara ya simu hutupigia wakiwa wameshaamua ugonjwa ni nini. "Fundi, redio ya sekta ya pili imekufa, njooni na nyingine." Redio hapa ni kifaa kinachorusha mawimbi ya simu kwenda kwenye antena, na sekta ni upande mmoja unaohudumiwa na mnara. Masika iliyopita tuliitwa kwenye saiti moja ya pwani ambako redio ilikuwa imeshabadilishwa mara mbili, na alamu iko pale pale. Tuliukuta ubovu kwenye jampa, ile kebo fupi inayounganisha redio na antena. Tulipofungua konekta yake yalidondoka maji ya kijani.

VSWR ni kipimo cha mawimbi yanayorudi; 1 maana yake hayarudi kabisa. Alamu yake inakwambia kwamba sehemu ya nguvu inayorushwa na redio inagonga kizuizi njiani na kurudi ilikotoka. Kipimo kikiwa 1.5, inarudi asilimia 4. Kikifika 2, ni asilimia 11, yaani redio ya wati 40 inarudishiwa zaidi ya wati 4. Kikizidi kiwango kilichowekwa, redio hujilinda kwa kupunguza nguvu au kuufunga mlango wa antena wenye tatizo, yaani pale jampa inapofungwa kwenye redio. Kwa hiyo redio iliyonyamaza huenda ndiyo nzima kuliko vyote mnarani.

Kujua kama kosa ni la redio au la hakuhitaji hata mashine ya bei kubwa. Redio nyingi za 4G zina milango miwili au zaidi ya antena. Tunazima urushaji kwanza (hili halina mjadala: konekta inayofunguliwa ikiwa na mawimbi inaunguza vidole), tunabadilishana jampa za mlango wa kwanza na wa pili, kisha tunawasha. Alamu ikihamia mlango wa pili, redio haina kosa. Tafuta kwenye kebo au antena. Ikibaki ilipokuwa, hapo sasa tuzungumze habari za redio. Na bado tutaifunga kwenye mzigo bandia, kifaa kinachopokea nguvu badala ya antena, tupime inatoa nini. Ya wati 40 inatakiwa itoe 46 dBm (kipimo cha nguvu kwa desibeli, ambapo kila 3 zikipungua nguvu inabaki nusu). Ikitoa 43, nusu ya nguvu imepotea. Tunaangalia pia umeme wa volti 48 usiwe unashuka, na kama kuna mtu alipunguza nguvu kwenye mipangilio akasahau kuirudisha. Hilo hutokea kuliko watu wanavyopenda kukiri.

Mtego mkubwa uko kwenye saiti za zamani, zile ambazo redio iko chini na kebo ndefu inapanda mnara mzima. Fundi anapima akiwa chini, anasoma 1.4, anasema antena ni nzima. Lakini kebo yenyewe inakula mawimbi yakipanda, inakula tena yakirudi. Kebo inayopoteza desibeli 3 itaifanya antena yenye VSWR ya 2 ionekane kama 1.4. Kebo iliyoingia maji inaweza kudanganya zaidi, kwa sababu maji yanameza hata kile ambacho kingerudi: kipimo kinapendeza, na wateja wa mtandao hawapati mawimbi. Ndiyo maana sisi tunapima pia upotevu wa kebo, na mmoja wetu lazima apande.

Angalia saa alamu inapotokea. Ikija usiku au baada ya mvua na kupotea jua likiwaka, ni unyevu. Ikija upepo wa kusi ukivuma, kuna kitu kimelegea.

Huku pwani, chumvi haisamehe konekta iliyofungwa kwa haraka. Ile kubwa ya 7/16 inataka kukazwa kwa Nm (nyutoni-mita, kipimo cha nguvu ya kukaza) 25 hadi 30, na ile ya 4.3-10 ya kukaza kwa spana inataka 5 tu. Tumia spana yenye kipimo, maana mkono wa fundi hauna namba. Kisha tepu ya raba, na juu yake tepu nyeusi, tabaka la mwisho likizungushwa kutoka chini kwenda juu, kama anavyoezeka mtu wa makuti. Ukianzia juu umeyatengenezea maji mlango.

Ukitupigia, tutumie picha ya alamu, namba ya sekta na mlango, saa zinazojirudia, na picha ya konekta kama kuna aliyepanda karibuni. Kwa hayo tunajua tubebe jampa, antena au redio kabla gari halijaondoka.